Mzungu wa Kazi: mhandisi wa Berlin aliyeishia kufundisha herufi

Kila mwaka muhula wa pili ukikaribia kuisha, hapa Chimwaga mjadala ni ule ule. Waliosoma kompyuta na uhandisi wanahesabu nafasi za kazi za Dar, na kila kundi halikosi mmoja anayenong'ona kwamba anafikiria kuomba stashahada ya uzamili ya elimu, aende akafundishe. Anachekwa. Anaulizwa miaka yote hiyo ya kukesha na programu, sapu mbili za hesabu na bumu lote lile, ndiyo ukashike chaki? Nyumbani ni mbaya zaidi, maana kwa wazee wengi ualimu bado ni kimbilio la aliyekosa pengine. Mimi ni mmoja wa hao wanaonong'ona, na mjomba wangu hajanipigia simu tangu Pasaka.

Basi katika kutafuta wa kunitetea nikamkuta mtu ambaye sote tulishakutana naye kidato cha pili, ila tukampita. Kwenye somo la historia ni jina tu katika orodha ya wamisionari, mawakala wa ukoloni, unalikariri unalitapika kwenye mtihani unaendelea na maisha. Alexander Mackay. Wengi wetu tunamjua kama mtu wa Uganda. Tusichoambiwa ni kwamba kazi yake kubwa ya kwanza Afrika ilikuwa kuchonga barabara ya kuja huku kwetu, mpaka Mpwapwa, na kwamba kabla ya hapo alikuwa mhandisi wa treni Ujerumani, tena si mhandisi wa kuungaunga.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji na mwandishi wa vitabu vya jiografia, na alimfundisha mwenyewe nyumbani mpaka mtoto akawa kijana. Mzee alitaka mrithi wa mimbari. Mtoto akawa anashinda kwa wahunzi na kwenye karakana, na alikuwa akitembea kwa miguu hadi stesheni ili tu aione injini ya treni iliyosimama dakika chache na kuondoka. Wazazi wa namna hiyo tunao. Watoto wa namna hiyo pia.

Mwaka 1867 familia ilihamia Edinburgh, na hapa kuna jambo lililonishangaza. Mackay hakuanza na uhandisi. Alipelekwa kwanza chuo cha ualimu cha kanisa lao, akamaliza mafunzo, na ndipo akageukia chuo kikuu kusoma hesabu za juu, fizikia na umakanika, huku akienda kwenye karakana za Leith kujifunza kazi kwa mikono. Yaani ualimu ndio alioukimbia. Alikuwa na cheti cha kufundisha mkononi akakiweka kabatini, kwa sababu moyo ulikuwa kwenye chuma na mvuke. Ukweli huu unabadilisha hadithi nzima, kwa kuwa tumezoea kuambiwa habari za mtu aliyeitwa kwenye ualimu tangu tumboni mwa mama yake.

Novemba 1873 akaenda Ujerumani kujifunza lugha na kutafuta kazi. Akapata ajira Berlin katika kampuni ya kutengeneza mashine, kwanza kama mchoraji wa michoro ya mitambo. Hakukaa sana kwenye meza ya uchoraji. Alibuni mashine ya kilimo iliyopata tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya Breslau, na kampuni ikampandisha akawa mkuu wa idara ya injini za treni. Hakuwa hata amefika miaka 27. Tafsiri kwa lugha ya leo: ni kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeajiriwa na kampuni kubwa ya teknolojia ughaibuni, ameshinda tuzo ya ubunifu, amepewa idara aiongoze. Huyo mtu nyumbani kwao hawahitaji kuelezwa anafanya nini, wanajisifia tu.

Na katikati ya hayo mambo ndipo alipoanza kuandika katika daftari lake kwamba anataka kwenda kufundisha.

Chanzo kilikuwa barua ya dada yake mwaka 1874. Dada alikuwa amesikiliza mhadhara uliowahimiza vijana madaktari waende Madagascar. Mackay hakuwa daktari, na pengine mwingine angeishia hapo. Yeye akajiuliza kwa nini iwe madaktari tu. Wazo lake lilikuwa kwamba watu wa Madagascar wakijenga reli na kuchimba madini, basi vijana wao wenyewe wafundishwe kufanya hizo kazi, na yeye angeweza kuwa mwalimu wao wa sayansi na ufundi, sambamba na dini. Akaanza kutafuta hata vitabu vya lugha yao, huku mchana yuko kiwandani anasimamia injini. Tukumbuke ni mwaka gani. Huyu mtu hakuwa anazungumzia kupeleka mashine Afrika. Wa kupeleka mashine walikuwepo wengi, na wengi walikuwa wanakuja kuuza. Yeye alitaka kufundisha namna zinavyotengenezwa.

Madagascar haikufanikiwa. Kisha Novemba 1875 gazeti moja la London likachapisha barua ya Stanley, yule msafiri, aliyekuwa amefika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Stanley aliomba waletwe watu, ila akaweka sharti: si mhubiri mtupu, bali mtu wa vitendo atakayeweza kufundisha watu kujenga, kulima, kutibu na kutumia mikono. Mackay aliisoma barua hiyo Berlin usiku mmoja wa Desemba na usiku ule ule akaandika maombi kwa Church Missionary Society, jumuiya ya Kianglikana iliyokuwa inakusanya watu wa kwenda. Januari 1876 akakubaliwa. Tarehe 27 Aprili akapanda meli Southampton.

Walikuwa wanane. Inasimuliwa kwamba kwenye kikao cha kuwaaga, wenzake wakiwa wanatoa hotuba za shukrani, yeye aliwaambia wakubwa wa jumuiya kwamba kabla ya miezi sita kwisha watasikia mmoja wao amekufa, na wasije wakakata tamaa siku hiyo. Ukumbi ukanyamaza. Agosti mwaka huo huo, Zanzibar, mmoja akafa. Mei 1877 daktari wao akafa kando ya ziwa. Desemba 1877 wengine wawili wakauawa Ukerewe. Baada ya miaka michache, kati ya wale wanane alikuwa amebaki kazini yeye peke yake.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1876 jumuiya hiyo ilifungua kituo Mpwapwa, maana ndipo misafara yote ya kutoka pwani ilipopumzika kabla ya kuingia Ugogo. Mpwapwa ina maji. Ukitoka hapo unafika Chunyu, kisha linafuata lile jangwa la Marenga Mkali, ambako wapagazi walikuwa wanakimbizana na kiu, halafu ndiyo unaanza kukutana na watemi wa Kigogo na hongo zao. Wazungu wengi waliandika vibaya sana juu ya hongo za Ugogo, kana kwamba ni wizi. Mimi naona mtu mwenye kisima katika nchi kavu kama hii ana haki ya kumuuliza mpita njia mwenye watu mia tatu wenye kiu anaacha nini. Lakini tusitoke nje ya mada.

Mackay alipofika Mpwapwa mara ya kwanza, mwaka huo wa 1876, homa ilimpiga kiasi kwamba ilibidi arudishwe pwani akiwa amebebwa. Wenzake wakaendelea kwenda ziwani. Yeye akabaki nyuma, na amri kutoka London ikaja kwamba asijaribu kuwafuata mpaka mvua zipite. Mwingine angekaa Zanzibar ale embe. Yeye akaamua kufungua barabara.

Mwaka 1877 akaanza Saadani, na watu wake wenye mashoka, mapanga, misumeno na majembe, wakakata msitu kuja bara. Njia ya misafara ilikuwa ya mguu mmoja, watu wanapita kama siafu. Yeye alitaka njia ya mkokoteni wa ng'ombe: ipite kwenye vichaka vya miiba, ivuke mabonde ya tope, ipande milima ya Ukaguru. Walitengeneza madaraja ya magogo. Barabara ilifika Mpwapwa, kama maili 230 kutoka baharini, zaidi ya kilomita 350. Wakati huo ndipo alipojifunza Kiswahili sawasawa, kwa wale wakataji miti wake, pamoja na vitabu vya Askofu Steere wa Zanzibar. Hiki Kiswahili kilikuja kumfaa kuliko barabara yenyewe.

Maana barabara ilimwangusha. Alipoleta mikokoteni na ng'ombe, mbung'o wakawaumiza ng'ombe, wakafa. Hakuna hesabu ya uhandisi aliyoikosea. Njia ilikuwa nzuri, kilichoishinda ni mdudu. Nadhani kila aliyewahi kupeleka mradi wa kompyuta kwenye shule isiyo na umeme anaelewa. Mizigo ikarudi vichwani kwa wapagazi, na majani yakaanza kuota katikati ya barabara. Wajerumani walipojenga reli ya kati baadaye, ikafika Dodoma mwaka 1910, hata hawakupita Mpwapwa mjini. Walipita Gulwe, upande wa kusini.

Habari za mauaji ya Ukerewe zikamkuta njiani mwaka 1878. Akaacha mizigo mizito, akachukua watu wachache, akavuka Ugogo haraka, na Juni akafika Kageyi, kusini mwa Ziwa Victoria. Alichokikuta kingemkatisha mtu tamaa. Boti ya mbao ya wamisionari, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, imekaa mchangani, jua limeipasua na wadudu wameitafuna. Vyombo, vitabu, risasi, karatasi na vipuri vya mashine vimelundikwa pamoja kwenye kibanda kimoja, vyote vimeshika kutu na unyevu. Akakaa chini akaanza kuchambua. Kipande kwa kipande, ribiti kwa ribiti, mashine ndogo ya mvuke ikarudi kuwa mashine, na ile ya kupiga chapa pia. Boti ikazibwa. Walipoanza safari na mwenzake Wilson, dhoruba ikaivunja kwenye ufuko wa magharibi. Akaikata sehemu ya katikati akaitupa, akaunganisha kichwa na mkia, ikawa boti fupi kuliko ilivyozaliwa. Wakaendelea. Tarehe 6 Novemba 1878 akaingia mji wa Mutesa.

Buganda ilikuwa ufalme wenye nguvu, wenye barabara zake pana, jeshi na baraza kubwa. Kiswahili kilijulikana kwenye baraza hilo kwa sababu wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wamefika miaka mingi kabla, na Kabaka mwenyewe alikisema. Kwa hiyo Mackay aliweza kufundisha tangu mwanzo bila kungoja, akisoma Injili za Kiswahili za Steere mbele ya watu. Hilo lingekuwa jambo la kujivunia kwetu tunaolalamika kwamba lugha yetu haifundishii.

Ila shida ni kwamba hakuna aliyemtaka awe mwalimu. Walimtaka fundi. Alijenga karakana yake Natete, akaweka mvukuto, fuawe, mashine ya kukereza na jiwe la kunolea linalozungushwa kwa mguu, na watu walijaa kutazama gurudumu. Akachimba kisima akaweka pampu, na watu wakashangaa maji yanapanda juu badala ya kushuka. Wakampa jina la Kiswahili, Mzungu wa Kazi. Kabaka na wakubwa wakaanza kuleta: bunduki zilizokwama zirekebishwe, hiki kitengenezwe, kile kiundwe. Mutesa alitaka bunduki na baruti hasa. Mackay hakuwa tayari kuwa kiwanda cha silaha, na kila alipokataa, kibali chake barazani kikashuka, na wanafunzi wakapungua. Ndiyo bei yenyewe. Ufundi ulimfungulia mlango wa ikulu, na ufundi huo huo ukawa kila siku unamwita atoke darasani.

Mwaka 1882 alikufa mama yake Mutesa, na Kabaka akaagiza jeneza ambalo halijawahi kuonekana. Mackay na mafundi wake walifanya kazi kama mwezi mzima. Masanduku matatu, moja ndani ya jingine, la mbao na la shaba, na la nje lilikuwa kubwa kama nyumba. Shaba ilipatikana kwa kugonga na kunyoosha masinia na vyombo. Mwezi mzima wa kalenda ya masomo uliliwa na sanduku la kuzikia. Ukisoma habari zake utaona mwenyewe hakulifurahia, lakini alijua akikataa hili shule imekwisha.

Darasa lenyewe lilikuwaje? Hakukuwa na madawati. Watoto wa ikulu, wale vijana waliolelewa kwenye baraza la Kabaka, walikuwa wanatoroka kuja Natete. Wengine walikuja usiku. Wengine walijifunzia pale pale kwenye karakana, mmoja anavuta mvukuto huku anasoma silabi ukutani. Herufi za Kiganda za kuchapia hazikuwepo, basi Mackay akachonga mwenyewe, akachapa karatasi za a, ba, cha, kisha sala, kisha kurasa za Injili ya Mathayo katika Kiganda. Mkono uliochora injini za treni Berlin sasa unachonga herufi moja ndogo, usiku, kwa taa. Hapo ndipo ninapoona mafunzo yake mawili yakikutana. Cheti cha ualimu peke yake kingempa maneno bila karatasi, na uhandisi mtupu ungempa mashine isiyo na kitu cha kuchapa.

Karatasi zile zilikwenda mbali kuliko yeye. Mwanafunzi alikuwa anaondoka nayo, anamfundisha mwenzake, na huyo wa tatu. Kwa Kiganda waumini wapya hawakuitwa kwa jina la dini, waliitwa wasomaji. Mwaka 1881 kijana mmoja jina lake Sembera alimpelekea Mackay barua ya kuomba ubatizo. Aliiandika mwenyewe, kwa Kiganda, kwa kijiti cha unyasi kilichochongwa na wino wa kubahatisha. Hakuna aliyemuagiza aandike. Machi 1882 akawa miongoni mwa watano wa kwanza kubatizwa na kanisa hilo, na jina alilolichukua ni Mackay.

Sipendi kumfanya malaika. Alikuwa mkali, na hakuwa na subira na dini isiyo yake. Wapadri wa Kifaransa walipofika mwaka 1879 alibishana nao mbele ya Kabaka mpaka Mutesa akawa anaburudika kuwatazama wazungu wanaitana waongo juu ya Mungu mmoja. Waislamu waliotangulia kufundisha kusoma na kuandika pale barazani aliwaona maadui tu. Na aliandika barua nyingi kwenda kwao akitaka Uingereza iingize mkono Afrika Mashariki. Mwalimu wetu wa historia hakukosea kabisa kumweka kwenye ile orodha. Miaka minne baada ya kifo chake Uganda ilitangazwa kuwa chini ya Uingereza, na barua zake ni sehemu ya njia iliyofikia hapo, kama vile barabara ya Saadani ilivyokuwa njia.

Lakini hesabu yake nzito zaidi ni nyingine. Mutesa alikufa Oktoba 1884 akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana mwenye wasiwasi, na si bila sababu: wazungu walikuwa wanameza pwani, na watumishi wake wa ndani walikuwa wanakwenda usiku kwa mzungu kusoma maandishi asiyoyasimamia yeye. Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walikuwa njiani kwenda ziwani na vijana wao, kwa ruhusa. Askari wakawasimamisha, wakawanyang'anya vijana. Wamisionari walihangaika kuwaombea. Tarehe 31 Januari watatu wakauawa kwa kukatwa na kuchomwa moto: Kakumba, Lugalama na Serwanga. Lugalama alikuwa mtoto tu. Walikamatwa wakiwa pamoja na mwalimu wao, na mwalimu akarudi nyumbani mzima.

Oktoba mwaka huo Askofu Hannington akauawa Busoga akiwa njiani kuja. Juni 1886 ikafika zamu ya kundi kubwa, Wakatoliki na Waanglikana, pale Namugongo. Ashe akaondoka Agosti. Mackay akabaki peke yake karibu mwaka mzima. Mwanga hakumuua, na sababu ni ya kuumiza kidogo: alikuwa fundi anayehitajika. Wanafunzi hawakuwa na kinga hiyo. Mchana alikuwa anatengeneza alichoagizwa, usiku anafungua mlango kwa wanaokuja kusoma, akijua kila karatasi anayoitoa inaweza kuwa ushahidi wa kumnyonga anayeipokea. Na bado alichapa. Nimewaza sana juu ya miezi hiyo. Aliweza kusema basi, tusubiri. Angeweza kurudi kwenye mashine kabisa, na hakuna ambaye angemlaumu. Inawezekana kabisa kulikuwa na mzazi Mganda aliyetamani afanye hivyo. Sina jibu la kumpa huyo mzazi. Ninachojua ni kwamba wanafunzi hawakuacha kuja, na walikuwa wanaijua hatari kuliko yeye, kwa kuwa miili iliyochomwa ilikuwa ya ndugu zao.

Julai 1887 Mwanga akamtoa nchini. Akavuka ziwa kurudi kusini, Usambiro, katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Alikuwa na miaka 37, na jumuiya ingempa likizo kwa furaha, maana tangu 1876 hakuwahi kurudi kwao. Hakwenda. Akachoma matofali, akajenga nyumba na karakana mpya, akaendelea kutafsiri na kupiga chapa, safari hii Injili ya Yohana ikiwa mezani. Askofu mpya, Parker, alifika huko akafa Machi 1888. Vita vya kugombea kiti vilipowafukuza wasomaji Buganda, baadhi yao wakamfuata Usambiro, na shule ikawa imehamia kwake bila yeye kuiita.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley, yule yule wa barua ya gazeti, alipita akitokea kumchukua Emin Pasha, akakaa hapo karibu wiki tatu. Alikuta ukuta umejaa vitabu na uani karakana imejaa zana, magogo makubwa yanapasuliwa, mkokoteni unaundwa, na boila ya boti ya mvuke inatengenezwa na wahunzi. Akamshauri arudi naye Ulaya akapumzike. Mackay akasema hawezi kuondoka kabla hajaja mtu wa kushika nafasi yake. Alikuwa anataka amalize boti, na alikuwa na vijana wa kufundisha. Unaona alivyokuwa? Miaka 13, na bado hajachagua kati ya boila na kitabu. Sisi tunaobishana kantini juu ya kuacha teknolojia na kwenda ualimu tunaongea kana kwamba ukiingia darasani unavua akili yako ya zamani mlangoni kama viatu.

Februari 1890 malaria ikampata tena. Siku chache tu. Alikufa usiku wa tarehe 8, akiwa na miaka 40, bila mke wala mtoto. Mmisionari mwenzake aliyekuwa naye, Deekes, mwenyewe mgonjwa, alitengeneza jeneza kwa mbao ambazo Mackay alikuwa amezipasua kwa ajili ya ile boti. Wakamzika kando ya Askofu Parker, na vijana na Waganda waliokuwa pale wakaimba kwa Kiganda.

Boti hakuimaliza. Mwaka 1927 Waganda wakaja kuchukua mifupa yake, wakaizika upya Namirembe. Barabara ya Saadani hakuna anayeikumbuka, lakini kule ilikoishia, Mpwapwa, kuna chuo cha ualimu, na hawa watu wa stashahada tunaowacheka hapa Chimwaga huenda wakapangiwa wafundishe pamoja na waliotoka huko. Fomu yangu nimeijaza. Nimebakiza sehemu ya mdhamini, na nimemwandika mjomba.